Hesabu ya Saa Kumi na Moja Alfajiri: Kozi ya Dereva Aliyepigwa Marufuku kwa Pombe

Dereva akipigwa marufuku kuendesha kwa sababu ya pombe, jambo linalomkaa kichwani ni tarehe ya kurudishiwa leseni. Kozi ya kurekebisha madereva humwachia hakimu mambo ya tarehe na kuleta maswali mengine mawili. Usiku ule ulikunywa kiasi gani hasa? Na kileo hicho kingekwisha mwilini saa ngapi? Karibu kila anayeketi kwenye kozi hiyo hukosea yote mawili, hata awe ameshika usukani miaka ishirini. Shule ya udereva ilimfundisha alama za barabarani na kusogeza kigari kwenye ubao wa mji wa mfano. Hesabu ya pombe aliachiwa ajifunzie baa.

Tunaandika tukiwafikiria madereva wa matatu za Nakuru na Kisumu, wa malori wanaolala Salgaa, wa mabasi ya matanga kule Bungoma na Kakamega, na ndugu zetu walio Uingereza wanaoendesha gari nyumba hadi nyumba kuhudumia wazee, ambao leseni ikienda na kazi imekwenda.

Tuanze na hao wa Uingereza, maana kule kozi imeandikwa kwenye sheria. Anayepigwa marufuku ya miezi 12 au zaidi kwa kosa la pombe anaweza kupewa na mahakama nafasi ya kuhudhuria kozi. Akiimaliza, marufuku hupunguzwa, kwa kawaida kwa robo: miezi 12 inakuwa 9, miezi 24 inakuwa 18. Msingi wake ni kifungu cha 34A cha sheria ya mwaka 1988 inayohusu wakosaji wa barabarani. Nafasi hiyo hutolewa siku ya hukumu, mtu akiwa amesimama mbele ya hakimu, na hapo ndipo wengi huipoteza. Wamechanganyikiwa, wanataka kutoka humo ndani upesi, wanajibu hapana. Hakimu akikuuliza, kubali. Kukubali hakukufungi, ukibadili nia baadaye unatumikia marufuku yote basi.

Kozi yenyewe ni ya saa 16, zikigawanywa katika siku zisizopungua 3, na ada yake hufika hadi pauni 250, juu ya faini. Mahakama hutaja tarehe ya mwisho ya kuimaliza, na tarehe hiyo huwa angalau miezi miwili kabla ya siku ambayo marufuku iliyopunguzwa ingekwisha. Kwa hiyo mwenye marufuku ya miezi 12 asihesabu kwamba ana miezi 9 ya kujipanga. Ana kama saba, na ndani ya hiyo saba kuna foleni ya nafasi, kuna zamu za kazini, kuna ada ya kukusanya. Ajiandikishe mwezi wa kwanza au wa pili.

Cheti hunyimwa kwa sababu chache: hukulipa ada, hukuhudhuria siku zote, au hukufuata maagizo ya wanaoendesha kozi. Kuchelewa kunahesabiwa. Kufika ukinuka pombe kunahesabiwa zaidi, na kila kundi huwa na hatari ya mtu wa namna hiyo, kwa kawaida si mlevi wa kutupwa. Ni mtu aliyekunywa jana yake akaamini usingizi umemsafisha. Mtu akinyimwa cheti hupewa taarifa kwa maandishi, na anaweza kurudi mahakamani kulalamika.

Kuna kundi ambalo kozi peke yake hailitoshi. Sheria ya kule huwaita wakosaji wa hatari kubwa: waliopimwa na kukutwa na mikrogramu 87.5 au zaidi katika mililita 100 za pumzi (kikomo cha England na Wales ni 35, cha Scotland ni 22), waliokataa kutoa sampuli, au waliopigwa marufuku ya pombe mara mbili ndani ya miaka 10. Hao hawarudishiwi leseni mpaka daktari awapime, pamoja na damu inayoangaliwa kiashiria kinachoitwa CDT. Kiashiria hicho hupanda kwa mtu anayekunywa sana siku baada ya siku, na hushuka polepole kwa wiki kadhaa baada ya kuacha. Kuacha pombe siku nne kabla ya kipimo hakusaidii kitu.

Huku kwetu Kenya mambo ni tofauti, na tofauti hiyo ina madalali wake. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamshika mtu anayeendesha, anayejaribu kuendesha au aliye na dhamana ya gari huku amelewa kiasi cha kushindwa kulitawala vizuri. Angalia hayo maneno ya dhamana ya gari. Kulala kwenye kiti cha dereva nje ya baa na ufunguo mfukoni si kinga. Lakini lile punguzo la robo kwa kumaliza kozi ni la Uingereza. Mtu akikuuzia kozi Nakuru au Kisumu kwa ahadi kwamba cheti chake kitakata miezi yako, mwombe akuonyeshe ahadi hiyo kwenye amri ya mahakama yako. Asipoweza, weka pesa mfukoni. Kinachowezekana ni kwamba hakimu anaweza kumweka mkosaji chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni, na kwa afisa huyo mazungumzo ya pombe hufanyika kwa uzito. Ukipata nafasi hiyo, itumie vizuri.

Na kama hakuna punguzo, kozi ya nini? Kwa maoni yetu hapo ndipo faida yake inapoonekana, kwa sababu mambo yanayofundishwa katika zile saa 16 hayahitaji hakimu. Daftari, kalamu na miezi ya marufuku vinatosha. Asiyejifunza humo anarudi barabarani na kichwa kilekile kilichompeleka kizuizini.

Somo la kwanza ni yuniti. Yuniti moja ni mililita 10 za kileo halisi, ambazo ni takriban gramu 8. Kuipata, zidisha ujazo wa chupa kwa mililita na asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, kisha gawanya kwa 1,000. Tusker ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 inatoa yuniti 2.1. Guinness ya mililita 500 yenye asilimia 6.5 inatoa 3.25. Chupa ndogo ya pombe kali, mililita 250 za asilimia 40, ina yuniti 10. Mzinga wa mililita 750 una 30.

Mpe dereva dakika moja aitazame ile namba 10. Chupa inayoingia mfuko wa nyuma wa suruali ina kileo karibu sawa na Tusker tano. Dereva anayejisifu kwamba hanywi sana, anachukua kachupa kamoja tu jioni kumaliza uchovu, yuko mezani pamoja na yule aliyejaza meza chupa za bia. Ndiyo maana kozi huanza kwa kila mtu kuandika alichokunywa wiki iliyopita kabla hajafundishwa hesabu, kisha kukipiga hesabu baada ya kufundishwa. Namba ya pili hushinda ile aliyodhani, mara nyingi kwa mbali. Pengo kubwa hutoka kwenye mambo matatu: pombe kali iliyomiminwa kwa macho bila kipimo, bia zilizonunuliwa na wenzake ambazo hakuzilipia na hivyo hakuzikumbuka, na kinywaji cha nyumbani baada ya kutoka baa.

Halafu kuna vinywaji visivyo na lebo. Keg inauzwa kwa magi, na magi haina maandishi. Muulize muuzaji magi yake ni ya mililita ngapi na pipa limeandikwa asilimia ngapi, uziandike zote mbili. Busaa nguvu yake hubadilika kadiri inavyokaa kwenye chungu, ya asubuhi si ya jioni. Chang'aa ya mama pima haina namba yoyote ya kuaminika, na ikichanganywa na methanoli inaua au inapofusha. Kanuni ya kufuata ni hii: kinywaji usichojua ujazo wala asilimia yake hakina hesabu, na usiku ambao hauna hesabu hauna safari ya asubuhi. Siku inayofuata yote hushiki usukani.

Somo la pili ni saa, na hapa ndipo sisi wa barabara ya Nakuru tunapoumia. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile ambayo kila mtu anaiita Sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, iliweka saa za baa kuwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Chukua mtu anayefuata sheria hiyo vizuri kabisa. Anaingia saa moja usiku, anakunywa Tusker tano taratibu, baa inafungwa saa tano, anakwenda kulala. Gari linapakia saa kumi na moja alfajiri. Amelala usingizi wa kutosha, ameoga, amekunywa chai na chapati. Je, yuko sawa?

Tumia mlinganyo wa Erik Widmark, Mswidi aliyeyafanyia kazi mambo haya karne iliyopita na ambaye namba zake bado zinatumika mahakamani. Tusker tano ni kama gramu 83 za kileo. Kwa mwanamume wa kilo 70, zidisha uzito kwa 0.68, upate 47.6; gawanya 83 kwa hiyo. Jibu ni gramu 1.74 kwa kilo, yaani takriban miligramu 174 katika mililita 100 za damu kama angezimeza zote kwa mkupuo. Mwili huziondoa kwa kasi ya miligramu 10 hadi 20 kwa saa, wastani ukiwa kama 15; tuhesabu kuanzia saa moja usiku alipoanza kunywa. Mwenye ini la kasi ya 20 anamaliza zote kabla ya saa kumi alfajiri. Mwenye wastani wa 15 anamaliza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari likiwa limeshatoka zamani. Mwenye kasi ya 10, saa kumi na moja alfajiri bado ana miligramu 74, chini kidogo tu ya kikomo cha England cha 80 kwa kipimo cha damu, na hamalizi mpaka saa sita na dakika ishirini na ushee mchana. Abiria wake wameshafika Kisumu, wameshuka, wamekula.

Hawa ni watu watatu wenye uzito mmoja, waliokunywa chupa zilezile, meza moja. Na hakuna hata mmoja kati yao anayejua ana ini la namna gani. Kwa sababu hiyo kozi haitoi idadi ya chupa zinazoruhusiwa, na mwalimu anayejua kazi yake hukataa kuitoa hata akibembelezwa. Hutoa kanuni ya tahadhari: hesabu yuniti zote, weka saa moja kwa kila yuniti, ongeza saa moja ya mwanzo, na anza kuhesabu kuanzia glasi ya mwisho. Tusker tano ni yuniti 10.5. Glasi ya mwisho saa tano usiku, jumlisha saa 11 na nusu, unapata saa nne na nusu asubuhi. Na hata hiyo, kama ulivyoona, inamwacha nje yule mwenye ini la polepole. Wa hivyo anahitaji jioni isiyo na pombe kabisa kabla ya zamu ya alfajiri, na kwa kuwa hajijui, wote wafanye hivyo.

Kwa mwanamke hesabu ni kali zaidi, kwa sababu kwa kawaida mwili wake una maji kidogo kwa kila kilo. Kizidisho chake ni kama 0.55. Mwanamke wa kilo 60 akinywa Guinness mbili tu za mililita 500 anafikia kwenye miligramu 155 kabla mwili haujaanza kupunguza. Asijipime kwa mume wake wala kwa wenzake wa kazini.

Ini hufanya kazi kama kinu cha posho: foleni iwe ndefu kiasi gani, mahindi hupita kwa kasi ya kinu. Sehemu kubwa ya kileo, asilimia 90 na zaidi, huvunjwa huko. Kinachotoka kwa pumzi, jasho na mkojo ni kidogo. Kwa hiyo supu ya mifupa yenye pilipili haikitoi. Maziwa ya mursik hayakitoi. Kuoga maji baridi, kukimbia, kutapika asubuhi, kahawa nzito, vyote vinakuacha na kileo kilekile. Chakula kabla ya kunywa kina kazi yake, kwani hupunguza kasi ya kileo kuingia kwenye damu, lakini kilichoingia lazima kisubiri zamu. Na kile ambacho vijana wa mjini huita kutoa loki, yaani kunywa tena asubuhi kuondoa maumivu ya kichwa, ni kuongeza foleni.

Miraa na muguka vinahitaji neno lake. Dereva wa masafa hutafuna ili asilale, na akiwa amekunywa hutafuna zaidi. Miraa huondoa dalili ya usingizi na kumwacha macho makavu, akijiona yuko imara, huku uamuzi wake na kasi ya mkono wake vimebaki palepale pombe ilipoviacha. Vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu hufanya vivyo hivyo. Ni mchanganyiko mbaya kuliko pombe peke yake kwa sababu unamwondolea mtu ishara pekee iliyobaki ya kumwambia asimame.

Pombe huharibu nini hasa? Wengi hudhani ni kuyumba na kulala. Hayo huja mwisho. Vinavyotangulia, hata kwenye miligramu 50, ni uwezo wa kugawa makini kati ya mambo mawili, kuona kwa pembe ya jicho, na kurudisha uoni baada ya kumulikwa na taa kali. Yaweke hayo kwenye barabara zetu. Unatoka Ahero kuelekea Muhoroni usiku, lori linakumulika, linapita, na mbele yako kuna trekta la miwa lenye trela isiyo na taa wala kiakisi. Mwenye macho mazima hupata nafasi ndogo ya kuliona. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hukimbia mita 22 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde kukanyaga breki umeongeza mita 11, karibu urefu wa matatu mbili za abiria 14. Au chukua mteremko wa kutoka Mau Summit kushuka Salgaa. Lori lililobeba tani nyingi hushushwa kwa gia, na gia huchaguliwa kabla mteremko haujaanza. Anayechelewa kufikiri hujikuta amebaki na breki za miguu tu, anazikanyaga mfululizo, zinapata moto, zinaacha kushika. Ukimuuliza atakwambia breki zilifeli. Kabla ya breki, kuna uamuzi wa gia uliochelewa kule juu.

Somo la tatu ndilo lenye kazi ngumu, nalo ni mpango. Hapa watu wazima hutoa ahadi za jumla: nitapunguza, nitakuwa mwangalifu, sitarudia. Ahadi za namna hii hazidumu hadi Ijumaa ya mshahara, kwa sababu hazisemi lini, wapi, wala gari litakuwa wapi. Mpango unaofanya kazi huandikwa kwa sentensi yenye saa na mahali ndani yake. Kwa mfano: Ijumaa ya mwisho wa mwezi, gari linabaki kwenye maegesho ya mwajiri kuanzia saa kumi na moja jioni na ufunguo unabaki kwa mlinzi, nauli ya bodaboda ya kurudi nyumbani inatengwa kwenye simu kabla sijafika baa, siku inayofuata sina zamu. Mpango huu unamfunga mtu akiwa hajanywa, maana akishakunywa glasi tatu anayefanya maamuzi ni mwingine. Tofauti kati ya kufika baa na gari na kufika bila gari ni kubwa kuliko nia njema yoyote.

Usitegemee rafiki atakayeendesha kama hamjakubaliana kabla ya kutoka, kwa jina. Makundi mengi huamua dereva kwa kumtazama aliyelewa kidogo kuliko wengine. Huyo naye amelewa.

Magharibi kuna mitego ya heshima ambayo mwalimu wa mjini anaweza asiijue. Dereva anapeleka waombolezaji matanga, anafika, wenyeji wanamkaribisha kwa kile walicho nacho. Mwezi wa Agosti wa miaka shufwa, msimu wa tohara kwa Wabukusu, chungu cha busaa kinawekwa katikati na mzee anakunyooshea mrija. Kukataa mrija wa mzee ni jambo zito. Zoezi la kozi ni kutamka kukataa kwa sauti, mbele ya watu, mara kadhaa mpaka ulimi uzoee: "Nashukuru sana, mzee. Leo nimebeba watu, nipe uji." Maneno machache, shukrani mbele, kazi katikati, kisha ombi la kitu kingine ili mwenyeji naye apate cha kukupa. Epuka uongo wa kusema unatumia dawa. Mara ya pili watakuuliza umepona, na hutakuwa na jibu. Tena anayesema amebeba watu, wazee wenyewe humlinda. Mwingine akija na glasi, mzee ndiye atakayemfukuza.

Daftari la kozi huendelea kwa miezi yote ya marufuku. Weka safu saba: tarehe, saa ya glasi ya kwanza, saa ya glasi ya mwisho, kinywaji, ujazo, asilimia, yuniti. Ya nane iwe saa ambayo ungeruhusiwa kuendesha kwa ile kanuni ya tahadhari. Andika papohapo au asubuhi yake, usingoje Jumapili. Baada ya wiki sita tazama safu ya nane peke yake. Pale saa zake zinapoangukia ndani ya saa zako za kazi ndipo ulipokuwa unaendesha ukiwa na pombe bila kukamatwa, na wengi hugundua kwamba siku waliyokamatwa haikuwa ya kwanza hata kidogo. Jambo hili humnyamazisha mtu ambaye alikuja akilalamika kwamba polisi walimwonea.

Malalamiko hayo yapewe dakika zake siku ya kwanza, kisha yafungwe. Kundi linaloachiwa kujadili kizuizi cha polisi, nani alitoa kitu na nani alinyimwa, humaliza siku nzima bila kufika kwenye yuniti. Vilevile mwendeshaji asiwaaibishe watu. Aliyeaibishwa huandika namba ndogo kwenye daftari, na kuanzia hapo hesabu yake yote ni ya uongo.

Kabla ya somo la mwisho kila mmoja ajaze AUDIT, dodoso la maswali 10 la Shirika la Afya Duniani, lenye alama 0 hadi 40. Alama 8 na zaidi zinaonyesha unywaji wenye hatari. Alama 20 na zaidi zinaelekeza kwenye utegemezi, na huyo kozi ya udereva si dawa yake. Hapa tunaomba msomaji awe makini sana. Mtu anayeamka akitetemeka mikono na kutulia baada ya glasi ya kwanza asiache pombe ghafla akiwa peke yake nyumbani. Degedege zinaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na siku ya pili hadi ya nne kunaweza kufuata kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, homa, na kifo. Aachishwe chini ya uangalizi wa hospitali, akipewa dawa za kutuliza na vitamini ya thiamini. Hospitali za rufaa za Nakuru, Kisumu na Eldoret ndipo pa kuanzia, na NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina simu ya bure, 1192, ya kuuliza msaada. Familia ndiyo hupiga kwanza mara nyingi, na inafaa.

Miezi ya marufuku ikiendelea, usiguse usukani hata kusogeza gari uani kama uani kwenyewe ni mahali pa watu wote. Kuendesha ukiwa umepigwa marufuku ni kosa jingine kabisa, na bima hudai dereva awe na leseni halali. Ukimgonga mtu katika hali hiyo unaweza kujikuta mzigo wa fidia umekugeukia wewe. Mwajiri wako aambiwe mapema. Wapo wanaompa dereva kazi ya bohari au ya kupakia kwa muda kuliko kumpoteza mtu anayejua njia, lakini hawampi aliyeficha mpaka wakajua kwa trafiki.

Siku ya kurudi ikifika, thibitisha kwamba marufuku imekwisha kwa tarehe iliyo kwenye amri ya mahakama na kwamba leseni yako ni halali kwenye kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kisha ndiyo uombe zamu. Omba za mchana mwezi wa kwanza, uache zile za alfajiri. Kama kampuni ina kipima pumzi getini, puliza kila siku bila kungoja kuitwa, kwa mdomo mpya wa plastiki, na dakika 15 baada ya kula, kunywa au kusukutua kwa dawa ya mdomo, maana kileo kilichobaki mdomoni hupandisha namba. Andika namba hiyo kwenye daftari lilelile. Siku itakayotoka juu ya sifuri, hata kwa kidogo, rudisha ufunguo, mpigie msimamizi kabla abiria hawajapanda, na urudi kwenye safu ya saa ya glasi ya mwisho uone ulikosea wapi.